Chovya Chovya

Betri ya tatu hii, Sagynbek,
na kila moja umeiuzia kondoo.
Ya nne umeshaikatia bei moyoni,
nakuona unavyoipapasa pochi.
Ngoja. Rudisha mfukoni. Zima redio.
Betri ni kama mjakazi katika nyumba ya tajiri:
kijiko kikipotea, hutajwa yeye kwanza.

Nje, Naryn imeganda hadi mfupa,
nyuzi thelathini chini ya sifuri,
mto umenyamaza chini ya sakafu yake mwenyewe,
na Audi yako ya mwaka tisini na moja
imeletwa kwa kamba nyuma ya lori la makaa
kama ndama asiyetaka kuuzwa.

Baba yangu, fundi wa matrekta, alikuwa akiniambia:
Burulcha, usiulize gari linaumwa nini.
Uliza lililala vipi.

Basi tazama.
Nimeichaji usiku kucha kando ya jiko.
Sasa imetulia, na mita yasema
kumi na mbili nukta sita.
Huyu si maiti. Huyu ni mtu aliyeshiba.
Nageuza ufunguo: stata inavuta,
namba inashuka hadi kumi na kitu, haizami,
injini inakohoa, inashika.
Kumi na nne nukta moja.
Nawasha taa kubwa, feni ya joto, kioo cha nyuma:
kumi na tatu nukta nane.
Alteneta inalisha. Mkanda haulii.
Vichwa vya betri nimevikwangua ule ukungu mweupe,
waya wa bodi umekaza.

Hapa wengi hufunga boneti,
hupokea chao, husema: ni baridi.
Baridi haina wakili,
kila fundi huitupia kesi.

Mimi nazima. Nachomoa ufunguo.
Tufunge milango, tunywe chai,
gari lisinzie.

Unanieleza habari za Nurzat,
binti yako, yuko Yekaterinburg,
anapanga nyama ya kopo kiwandani, zamu ya usiku,
mwaka wa nne sasa.
Unasema hujambo naye. Unasema hapigi simu sana.
Naitikia, jicho kwenye mita
niliyoipenyeza kati ya betri na waya wake.

Sifuri nukta nne sita.
Gari limelala, Sagynbek, na bado linakunywa!
Si jingi. Kikombe tu.
Lakini wewe huendesha Jumapili hadi Jumapili,
kwenda mnadani na kurudi,
na katikati kuna usiku sita.
Chovya chovya humaliza buyu la asali.

Nang'oa fyuzi moja moja.
Ya redio: kimya, namba haitikisiki.
Ya saa: unywele.
Ya honi, ya wipa, ya kiberiti cha sigara,
vidole vimekufa ganzi, navipulizia.
Ya kumi na moja,
namba inaanguka kama jiwe kisimani.

Taa za ndani.
Ya dari imezimika. Ya buti, giza.
Naketi kiti cha abiria,
naweka kiganja juu ya kisanduku cha dashibodi:
katika karakana hii ambamo hata spana inauma,
kifuniko kina joto, kama shavu.

Nafungua. Zinanimwagikia magotini:
stakabadhi za pesa, mamia,
za benki, za posta, za duka la simu,
jina la Nurzat juu ya kila moja,
nyingine wino umeshafifia.
Zimejaa hadi kifuniko hakiigusi swichi,
na balbu ndogo kama punje ya hindi
imewaka humo miaka minne,
ikizisoma.

Nasema: punguza nusu, kitafunga.
Unazitazama.
Unasema: toa balbu.

Naitoa, nakupa kiganjani, ingali moto.
Unazipanga upya kwa kingo zake, taratibu,
unailaza balbu juu yake,
unafunga mara mbili.

Mita: sifuri nukta sifuri mbili.
Hiyo ni saa tu.